Je, Wajua Moyo wa Mwenye Saumu Hula Nini Alasiri?

Hula mafuta. Saumu ya Lamu huchukua takriban saa 13 na nusu, na ikifika alasiri akiba ya sukari kwenye ini huwa imepungua sana. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huachiliwa kwenye damu. Moyo umeyazoea: hata siku za kula, zaidi ya nusu ya nguvu zake hutokana nayo. Ini ndilo linalolazimika kubadili kazi, na anayeliarifu ni mafuta yenyewe.

Ndani ya seli mna vipokezi vya kiini, protini zinazowasha na kuzima jeni. Binadamu ana aina 48. Kimojawapo, PPAR-alfa, kiligunduliwa mwaka 1990. Asidi ya mafuta ikiingia kwenye kishimo chake, kipokezi hubadilika umbo, hushikana na kipokezi mwenzake, RXR, juu ya DNA, na jeni za kuunguza mafuta huwaka. Wakati huohuo hupunguza apoC-III, protini inayokizuia kimeng'enya cha kuvunja trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, kwenye kuta za mishipa midogo. Damu hupungua mafuta. Dawa za faibreti, za kupunguza mafuta ya damu, hupita njia hiyo, na omega-3 ya vibua na jodari hukiamsha kipokezi hichohicho.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Mwaka 2022, pemafibreti, mojawapo ya dawa hizo, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 10,000: trigliseridi zilishuka kwa karibu robo, ilhali mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. ApoB, kipimo cha wingi wa chembe za mafuta zinazopenya kwenye ukuta wa mshipa, haikushuka.

Ndugu yake, PPAR-gama, huweka mafuta kwenye seli za mafuta ili yasirundikane kwenye ini na misuli. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, hukiamsha, ila kipo kwenye figo pia, na huko husababisha mwili ushike chumvi na maji. Ndiyo maana haifai kwa mwenye moyo uliodhoofika. Anayeitumia abonyeze kidole gumba juu ya muundi. Kikiacha shimo, amwone daktari siku hiyohiyo.

Turudi kwenye futari. Ukianza na kaimati na juisi yenye sukari tele, insulini hupanda, akiba ya mafuta hufungwa, PPAR-alfa hunyamaza, na sukari ya ziada ini huigeuza trigliseridi. Tende tatu, maji, kisha samaki wa kupaka. Kaimati zingoje mwisho, chache, sukari ipande polepole. Mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe upya saa za dawa.