Ukizungusha sana siyo ndo inakuwa imara: kuhusu lida za kusokota

Wiki hii huyu ni mteja wa nne. Kaja na lida, kile kipande cha kuvulia kwa nzi wa bandia kinachounganisha kamba nene ya kurushia na uzi mwembamba wa mwisho, kasokota mwenyewe, imejikunja kama waya wa zile simu za mezani za zamani, anauliza mbona nzi (ile ndoano iliyovalishwa ifanane na mdudu) anatua huku anazunguka na tipeti, yaani ule uzi mwembamba wa mwisho, inajiviringisha kila akirusha. Namuuliza ulizungusha kiasi gani, ananijibu kwa fahari kabisa, "kaka nilizungusha mpaka drili ikagoma". Yani hii imani kwamba ukizungusha sana ndo inakuwa imara sijui nani aliileta hapa Mwanza, ila naomba arudi aichukue.

Hii kitu ilitakiwa tuielewe kirahisi maana dada zetu wanasokota nywele kila siku barazani. Anashika mafungu mawili, kila moja analizungusha kulia, halafu anayapishanisha kushoto. Lile la kulia linataka kufunguka, lile pishanisho la kushoto linazuia, basi yanashikana yenyewe. Lida ni hivyo hivyo: miguu miwili, yaani mafungu mawili ya nyuzi nyembamba, kila mguu peke yake unazungushwa upande mmoja, kisha miwili pamoja inazungushwa kinyume. Inashika kwa sababu pande mbili zinalingana, siyo kwa wingi wa mizunguko. Ukizidisha unakuwa umeshazichosha nyuzi kabla samaki hajagusa kitu, inabaki na hamu ya kujikunja, na uimara unapungua badala ya kuongezeka. Ukipunguza sana nako nyuzi zinaachana, ndoano inapenya katikati, unaanza kutukana.

Mimi mizunguko sihesabu, naangalia urefu. Mguu wa sentimita 200 nauzungusha mpaka ubaki kama 180, hapo nazima drili hata kama mteja ananiangalia kama nimefanya uvivu. Kisha naunganisha miguu nazungusha kinyume mpaka nikilegeza mkono haijikunji tena. Naitundika kwenye msumari na nati ndogo kwa chini: nati ikizunguka yenyewe maana yake kuna mzunguko wa ziada, naiacha ijifungue mpaka itulie. Nailowesha maji, inalala hapo hapo usiku kucha, asubuhi imenyooka. Nati tu jamani, siyo jiwe, maana kuna mtu alitundika jiwe.

Mengine haraka haraka.

Eti "ina nyuzi nyingi kwa hiyo inabeba sangara". Tipeti yako ni ya kilo 2? Basi itakatika kwenye kilo 2, lida iwe na nyuzi ishirini au mia. Na sangara mdomo wake ni msasa na mfuniko wa mashavu una miiba, uzi mwembamba unakwanguliwa dakika hiyo hiyo. Kwa sangara funga nailoni nene ya kipande kimoja, za kusokota waachie furu na sato. Na ukisimama kwenye mawe, hasa haya yetu, usiiburuze juu ya jiwe, inaota manyoya.

Eti "nailoni inaelea". Haielei, ni nzito kuliko maji, inabaki juu kwa sababu ya mafuta unayopaka tu. Mimi natumia nta ya nyuki ya Tabora, napaka kidogo na kusugua na vidole ipate joto, na hapo hata zile rasharasha zinazomwagika ukirusha zinapungua. Mshumaa hapana, unapukutika kama unga. Ukitaka izame, sokota kwa flurokaboni, uzi mzito kuliko nailoni.

Eti kusuka na kusokota ni kitu kimoja. Ya kusuka ina uwazi katikati, inakunywa maji zaidi. Tusonge.

Na hili la mwisho linanikera karibu kama lile la kwanza: watu wanaochomoa uzi kwenye timba (zile nyavu za nailoni) chakavu za mwaloni eti ni bure. Kwanza timba zenyewe ni marufuku, pili jua limeshaila ile nailoni, unakazana na mbao na misumari ya kusokotea jioni nzima halafu inakatika kwa mkono. Ukishaniletea hiyo sikutengenezei, nunua bobini mpya ya uzi mwembamba, moja inatoa lida nyingi tu.