Toledo ya Hispania: yanayosemwa na yaliyopo

Toledo imekaa juu ya mwamba, kilomita 70 hivi kusini mwa Madrid, na mto Tajo umeuzunguka mwamba huo pande tatu. Mji wote wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1986. Wageni wengi huja kwa siku moja, vichwani wamebeba maelezo waliyookota njiani, na mengi ya maelezo hayo hayasimami. Mengine yanapotosha historia tu. Mengine yanakula saa na fedha za mgeni. Ukitaka kuuelewa mji huu, kila ufikapo mlangoni uliza: jengo hili ni la nani leo, na lilikuwa la nani kabla? Jibu litakueleza kwa nini sinagogi linafanana na msikiti, na pia ni tiketi ipi itakayokuingiza ndani.

"Bangili ya utalii inafungua milango yote"

Haifungui. Bangili hiyo, tiketi ya pamoja inayofungwa mkononi, ambayo vibao huiandika Pulsera Turística, inaingiza sehemu saba: kanisa la Santo Tomé, monasteri ya San Juan de los Reyes, sinagogi la Santa María la Blanca, msikiti wa Cristo de la Luz, kanisa la El Salvador, kanisa la Wajesuiti na chuo cha Doncellas Nobles. Zote ziko chini ya Kanisa Katoliki, na ndiyo maana msikiti na sinagogi vimo katika orodha moja na makanisa. Kanisa kuu halimo. Lina tiketi yake, inayouzwa dukani ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa Puerta Llana. Wengi hupanga foleni kwanza mlangoni, kisha hurudishwa dukani.

Sinagogi la El Tránsito na Makumbusho ya mchoraji El Greco ni mali ya serikali, kwa hiyo bangili haina kazi huko. Lakini hapo kuna nafuu nyingine: Jumamosi kuanzia saa nane mchana na Jumapili kuingia ni bure, na Jumatatu hufungwa. Makumbusho ya Jeshi, nayo ya serikali, hayatozi kiingilio Jumapili. Kanisa kuu ni kinyume chake. Siku za kazi na Jumamosi hupokea watalii kuanzia saa nne asubuhi, ila Jumapili asubuhi ni ya ibada, na watalii huingia kuanzia saa nane mchana. Mwenye Jumapili moja tu mkononi aanze na makumbusho ya serikali asubuhi, kanisa kuu baadaye. Bangili inalipa kwa anayeingia sehemu nne au zaidi. Kwa mbili au tatu, nunua tiketi mojamoja.

"Ni nusu saa tu kutoka Madrid, nusu siku inatosha"

Nusu saa ni kweli: treni ya Avant kutoka kituo cha Atocha, Madrid, hutumia dakika 33 hivi. Ila viti vyake vina namba, na mwishoni mwa wiki hujaa. Anayenunua tiketi ya kwenda tu, akitumaini kukata ya kurudi jioni, ndiye anayeishia kutafuta basi. Tena kituo kiko ng'ambo ya mto, chini. Kutoka hapo hadi uwanja wa Zocodover ni dakika 20 hadi 25 kwa miguu, nusu ya mwisho ikiwa kilima kitupu.

Kilima chenyewe kina dawa. Upande wa kaskazini-magharibi, karibu na lango la Bisagra, kuna ngazi za umeme za Recaredo, zilizochimbwa ndani ya mlima chini ya ukuta wa mji mwaka 2000. Zinakupandisha mita 36 kwa mapande sita. Upande wa Safont, karibu na kituo cha mabasi, kuna nyingine. Mwenye gari aliache chini karibu na ngazi hizo. Juu ni vichochoro ambavyo gari dogo linapita likikunja vioo, na maegesho mengi ni ya wakazi. Usiku ngazi hufungwa, kwa hiyo mla chakula cha usiku mjini ashuke kwa miguu, na mawe ya njia yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza hata bila mvua. Viatu vyenye soli ya mpira, si vya ngozi.

Kinachowachosha wengi ni mpangilio mbaya kuliko umbali. Panga safari yako iteremke: anza juu kwenye kanisa kuu linapofunguliwa, kisha Santo Tomé, Makumbusho ya El Greco, El Tránsito, Santa María la Blanca, San Juan de los Reyes, umalizie daraja la San Martín. Zote zimejipanga kuelekea magharibi, na njia inashuka nawe. Msikiti wa Cristo de la Luz uko upande wa kaskazini. Uache kwa wakati wa kutoka mjini. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara nyingi, na saa za kuanzia nane hadi kumi na moja ni za kukaa ndani ya kuta nene.

"Alcázar ni ngome ya kale"

Mahali ni pa kale, kuta si za kale. Jengo hilo la mraba liliungua mara kadhaa, na mwaka 1936, katika miezi ya mwanzo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilizingirwa kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba likabaki kifusi. Unaloliona limejengwa upya baada ya hapo kwa kufuata sura ya jumba la mfalme Carlos V. Ndani kuna Makumbusho ya Jeshi tangu 2010, na ghorofa za juu ni maktaba ya mkoa, ambayo kuiingia ni bure. Anayetaka mawe ya kale hasa hana haja ya kukaa hapa asubuhi nzima.

Ila jina lake lisikupite. Alcázar ni *al-qasr*, neno lilelile tunaloliita kasri. Daraja la Alcántara ni *al-qantara*, na kamusi zetu bado zina kantara. Zocodover imetokana na *suq ad-dawabb*, soko la wanyama wa kupandwa. Hilo neno la mwanzo, *suq*, halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili. Kiarabu kiliacha maneno pwani yetu kikayaacha na huku, na Waislamu waliotawala mji huu tangu karne ya 8 hadi 1085 waliuita Tulaytula.

"Chenye matao ya kiatu cha farasi kilikuwa msikiti"

Hapa ndipo hata wenye vitabu mkononi hujikwaa. Ingia Santa María la Blanca: nguzo nyeupe, matao ya kiatu cha farasi, kumbi tano sambamba zilizotengwa na nguzo hizo. Kila kitu kinasema msikiti. Kumbe lilijengwa kuwa sinagogi, tena wakati watawala walikwisha kuwa Wakristo, na mwanzoni mwa karne ya 15 likafanywa kanisa. Mafundi wa mji walikuwa na namna yao ya kujenga, na aliyelipa, awe Myahudi au askofu, alijengewa kwa namna hiyo. Ndiyo sababu mnara wa kanisa la Santiago del Arrabal ni wa matofali yaliyopangwa mithili ya mnara wa msikiti, na kuta za kanisa la San Román zina maandishi ya Kiarabu. Wahispania huuita mtindo huo mudéjar.

El Tránsito linaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Lilijengwa katikati ya karne ya 14 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme Pedro I. Inua macho mpaka ukanda wa plasta chini ya dari ya mbao: Kiebrania kimezunguka ukuta, na katikati ya maua na majani Kiarabu kinajitokeza. Ha-Levi mwenyewe aliishia kukamatwa na kuuawa kwa amri ya mfalme huyohuyo.

Msikiti wa kweli uliohifadhika vizuri zaidi ni mdogo kiasi kwamba wengi huupita. Cristo de la Luz ni mraba wa mita 8 hivi, wenye vikuba tisa, na hakuna kimoja kinachofanana na kingine. Maandishi ya matofali usoni mwake, kwa Kikufi, hati ya Kiarabu yenye herufi za pembe, yanataja mwaka 390 wa Hijria, yaani mwisho wa 999. Nusu duara iliyoungwa nyuma ni ya karne ya 12, ulipofanywa kanisa. Usimame kwanza nje upande wa maandishi, kabla ya kuingia. Wakishaingia, wengi hawarudi tena kutazama.

"Dini tatu ziliishi hapa kwa amani karne nzima nzima"

Vibao vya utalii vinapenda "mji wa tamaduni tatu". Ziliishi pamoja, hilo halina ubishi, na zilifanya biashara na elimu pamoja. Amani ni jambo jingine. Mfalme Mkristo Alfonso VI alipouchukua mji mwaka 1085, Waislamu waliahidiwa kubaki na msikiti wao mkuu. Haukupita muda ukanyang'anywa, na kanisa kuu lililoanzwa mwaka 1226 linasimama juu ya uwanja wake. Mwaka 1391 mtaa wa Wayahudi ulivamiwa. Mwaka 1449 uasi mjini ulizaa amri ya kuwazuia wazao wa Wayahudi waliobatizwa kushika vyeo. Mwaka 1492 Wayahudi wakafukuzwa Hispania nzima. Minyororo inayoning'inia nje ya San Juan de los Reyes, ambayo wengine hudhani ni ya mateso ya mahakama ya dini, ilivaliwa na mateka Wakristo waliokombolewa katika vita vya Granada.

Vivyo hivyo "Shule ya Watafsiri". Mgeni huuliza jengo lake liko wapi, na kumbe katika karne ya 12 halikuwapo jengo wala shule. Walikuwapo wasomi, wengi wakiwa karibu na kanisa kuu, na maktaba za Kiarabu zilizobaki mjini. Gerardo wa Cremona peke yake alihamisha vitabu zaidi ya 70 kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, ikiwemo Kanuni ya tiba ya Ibn Sina. Taasisi yenye jina hilo leo ni ya chuo kikuu, ilianzishwa mwaka 1994.

"El Greco alikuwa Mhispania mwenye kasoro ya macho"

Watu katika michoro yake wamerefuka isivyo kawaida, na ndipo ilipoanzia habari ya macho. Mchoraji huyu alizaliwa Krete mwaka 1541, akafika Toledo mwaka 1577, na mpaka kufa mwaka 1614 alitia sahihi kwa herufi za Kigiriki. Habari ya macho inajivunja yenyewe: mtu anayeona kila kitu kimerefuka angeiona na turubai yake imerefuka, na mchoro ungerudi sawa. Thibitisha Santo Tomé, mbele ya Maziko ya Bwana wa Orgaz, turubai ya mita 4.8 kwa 3.6. Waombolezaji wa chini wana vimo vya kawaida kabisa. Walionyooka kama ndimi za moto ni wa mbinguni. Alijua alichokuwa akifanya. Mtoto wa mbele kushoto ana leso mfukoni yenye mwaka 1578, mwaka aliozaliwa mwana wa mchoraji. Kupiga picha hapo hakuruhusiwi.

Mwana huyo, Jorge Manuel, ndiye aliyebuni kuba la upande wa kulia wa kanisa kuu. Wanaosema mnara wa pili ulianguka wamekosea: haukupandishwa, na chini ya kuba hilo kuna kanisa dogo ambamo ibada ya Wamozarabu, Wakristo waliokuwa wakisema Kiarabu chini ya utawala wa Kiislamu, inaendelea hadi leo. Makumbusho ya El Greco nayo si nyumba yake, bali nyumba ya jirani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 1911. Na ule mchoro mashuhuri wa mji chini ya mawingu meusi usiutafute hapa. Uko New York.

"Panga za dukani zimefuliwa kwa maji ya Tajo"

Maji hayakuwa na siri. Upanga wa Toledo ulisifika kwa chuma laini kilichobanwa katikati ya vipande vya feleji ngumu, na kwa fundi aliyejua joto la kuuzamisha. Panga nyingi za madirishani leo ni za pambo, na hazikufuliwa. Kinachofaa kununuliwa ni kazi ya uzi wa dhahabu: fundi huchimba mistari myembamba juu ya chuma, hukandamiza uzi kwa nyundo ndogo, hutia chuma weusi kwa kukichemsha katika dawa, kisha hupitia dhahabu kwa patasi. Ikiwa mchoro ni laini mno na vipande viwili vinalingana kabisa, ni vya mashine. Ukinunua upanga, mwombe muuzaji aufunge. Utasafiri katika mzigo wa chini ya ndege, na ulizia kwanza sheria ya nchi uendayo. Uingereza, kwa mfano, inazuia panga nyingi zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 au zaidi.

Mazapán, kitamu cha lozi na sukari, ni rahisi kupima: yenye alama ya ulinzi wa asili lazima iwe na lozi nusu ya uzito wake au zaidi. Soma kibandiko.

"Mji unaonekana vizuri zaidi kutoka ndani"

Ndani huoni umbo lake. Vuka mto kwenda Mirador del Valle, upande wa kusini: basi la mjini hufika, au ni kutembea kutoka daraja la San Martín kwa kufuata barabara ya ukingoni. Alcázar iko kulia, mnara wa kanisa kuu katikati. Nenda saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, jua likiwa linapiga kuta kutoka magharibi, na uangalie mapema basi la mwisho la kurudi. Barabara ile ina sehemu zisizo na njia ya miguu, na gizani si ya kuitembea.