Eti mie akili yangu ya kuona: dhana za wanafunzi wapya wa chuo

Kila wakiingia wapya pale Tunguu, kwenye chuo kikuu chetu hapa Zanzibar, utawasikia, huyu akili yake ya kuona, yule bila ya kusikiliza hakuingii kitu, mwengine kafanya kwizi ya mtandaoni imemwambia yeye mtu wa vitendo basi kitabu hakigusi tena.

DHANA: Ukisomeshwa kwa staili yako ndo unafaulu.
UKWELI: Kwizi moja maarufu ya namna hiyo ni VARK, inayowagawa watu kwa kuona, kusikia, kusoma na kuandika, na vitendo, aliyoianzisha Neil Fleming wa New Zealand. Mtu kupenda vidio kuliko kitabu si uongo, ila kupenda mbali na kufahamu mbali. Mwaka 2008 wanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti kutafuta ushahidi kama mtu akifundishwa kwa staili yake anafahamu zaidi, ushahidi wa kutosha hawakuuona. Somo lenyewe ndo linaamua bwana, ramani utaitazama, matamshi ya Kiarabu utayasikiliza, na hesabu utashika kalamu upende usipende.

DHANA: Notsi ukizirudia rudia zinakaa.
UKWELI: Hii ndo inayomaliza watu, mana ukisoma mara ya nne kila kitu unakiona unakijua, kumbe umezoea sura yake tu. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, baada ya dakika 5 waliorudia kusoma wakawa juu, baada ya wiki wakapitwa na wale waliofunika karatasi wakajaribu kukumbuka. Na sisi jambo hili si geni jamani, tumelikuta chuoni, chuo cha Kurani nakusudia. Maalim hakukubali usikilizishe huku umekodolea msahafu, unasoma kwa ghaibu, ukikwama anakusahihisha, na ukishasonga mbele anakurudisha sura za nyuma ambazo ushaanza kuzisahau. Ajabu tukifika yunivasiti yote tunayaacha, tunabaki kupaka notsi rangi ya manjano ukurasa mzima.

DHANA: Siifahamu lekcha kwa sababu mie si mtu wa kusikiliza.
UKWELI: Wengi wetu tatizo Kingereza. Skuli mtu ulikuwa ukisubiri mwalimu achanganye Kiswahili, sasa slaidi zote Kingereza na mhadhiri anakwenda mbio. Muelezee mwenzako mada ile kwa Kiswahili chetu, pale utakapoanza kusema "yaani kile kitu, sijui niseme vipi" ndo hapo hujafahamu, kisha ieleze tena kwa Kingereza mana UE, mtihani wa mwisho wa semista, utaijibu kwa Kingereza.

DHANA: Kukesha usiku wa mtihani kunatosha.
UKWELI: Unaweza kupasi, lakini semista ya pili somo likiendelea utaanza upya. Masaa yale yale yagawe wiki nzima, leo kidogo, kesho kutwa kidogo, na kila ukikaa kabla hujafungua daftari andika kwanza unachokikumbuka cha juzi, hata kama mistari miwili.