Greini 150 Hazilingani na Greini 150

"Si uzito ni uleule? Basi naweka baruti ileile." Juzi nimeisikia tena kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe risasi za kuwindia, safari hii mtu mwenye mzani mzuri, presi nzuri ya kupachikia vichwa na miaka mingi ya kuwinda. Vichwa vyake vya kawaida, vyenye koti jembamba la nje na madini ya risasi ndani, vilikuwa vimemwishia, akanunua vya shaba tupu, greini 150 (greini ni kizio kidogo cha uzito) kama vya mwanzo, akavipachika juu ya kipimo chake cha zamani cha baruti. Kipimo chenyewe kilikuwa tayari kwenye ukomo wa kitabu cha majedwali ya baruti. Ndugu zangu, hapana.

Nadhani hata lugha inatuponza. Risasi ni yale madini, risasi ni kichwa kinachoruka, na risasi ni kitu kizima chenye ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti. Mtu akiambiwa "risasi ya shaba" anaona rangi tu ndiyo iliyobadilika. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki gramu 9. Greini 150 ni gramu 9.7 hivi. Shaba ikitakiwa kufikisha gramu hizo, na kipenyo kimefungwa na mtutu, haina pa kwenda ila kurefuka.

Sasa, ule urefu wa ziada unakaa wapi? Ukibakiza urefu wa risasi nzima kama zamani, unazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nafasi ikibana, shinikizo linapanda. Isitoshe, shaba tupu haibonyei kirahisi kama koti jembamba lenye risasi laini ndani, kwa hiyo inagoma zaidi inapoingia kwenye mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani ili kukizungusha kichwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi huchonga pete, yaani vijifereji vya kuzunguka, kiunoni mwa kichwa, shaba inayosukumwa ipate pa kukimbilia. Kwa hiyo hata vichwa viwili vya shaba vya uzito mmoja, kimoja chenye pete na kingine kisicho nazo, kila kimoja kina kipimo chake.

Halafu kuna hili la kupima urefu wa risasi nzima kwa ncha, ambalo linanikera kuliko yote. Ncha haigusi kitu. Kinachogusa mifereji ni bega la kichwa, pale kinapofikia unene wake kamili. Kichwa butu bega lake liko mbele, karibu na ncha; kilichochongoka sana bega lake liko nyuma. Ukivipachika vyote kwa urefu mmoja uliopimwa kwa kalipa kutoka nchani, kimoja kitasafiri milimita moja na zaidi kabla ya kukutana na mifereji, na kingine kitakuwa kimeshaibana kabla hujavuta kilimi. Risasi inayoanza safari huku imebana kwenye mifereji hupandisha shinikizo peke yake, hata kama hukuongeza punje ya baruti. Pima kutoka begani, kwa kifaa chake, na upime upya kwa kila aina. Vya shaba mara nyingi hupenda kuachiwa mruko (nafasi kati ya bega na mifereji) mrefu kidogo, na hapo wengi hushangaa, maana wamefundishwa kwamba karibu ndiko kuzuri siku zote.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Tafuta jedwali la kichwa hichohicho, anzia kipimo cha chini, panda kidogo kidogo. Usishuke chini ya jedwali pia. Baruti za polepole zikiwa kidogo mno ndani ya ganda zina hatari yake. Safisha mtutu mpaka masalia ya koti la zamani yatoke. Kagua pia msokoto wa mtutu, yaani jinsi mifereji inavyojizungusha ndani yake, kwa sababu unaoamua msokoto unaofaa ni urefu wa kichwa wala si uzito. Ukiona tundu kwenye karatasi ya shabaha lina umbo la tundu la ufunguo, kichwa kimepiga kwa ubavu, na kipimo cha baruti hakitakutibu.

Wengine hutegemea dalili za shinikizo kubwa mno: fataki iliyobapa mpaka ukingoni, alama inayong'aa kitakoni mwa ganda, bolti (komeo la bunduki) inayotaka kugongwa kwa kiganja ili ifunguke. Dalili hizo huchelewa. Zikionekana, umeshavuka zamani. Zisipoonekana, hujathibitisha kwamba uko salama.

Na nikiri jambo ambalo vitabu hulipitia mbali. Maelezo ya kwa nini bunduki moja hupenda kichwa hiki na kukataa kile, mtikisiko wa mtutu na mengineyo, nimeyaona yakikubaliana na matokeo baada ya kupiga. Kabla ya kupiga, ni mara chache sana. Na yale makundi ya matundu ya risasi tatu kwenye shabaha tunayopigia picha hayaniridhishi tena. Piga kumi, uone lile kundi zuri linavyopanuka.

Kwa mnyama nako, kichwa laini hufunguka haraka, na karibu sana, kwa kasi kubwa, huweza kusambaratika na kuharibu nyama. Cha shaba hufunguka kama petali, hubaki na karibu uzito wake wote na kuzama ndani. Lakini kinadai kasi. Mbali, kikiwa kimechoka, chaweza kupita bila kufunguka, na mnyama akaenda kufia usikoweza kumfikia. Masafa uliyoyazoea kwa kichwa cha zamani yapunguze mpaka ujue kasi ya hiki kipya.

Yule ndugu alikuwa ameshatengeneza ishirini. Nilimwomba atikise moja karibu na sikio, kisha moja ya zamani. Ya zamani baruti ilicheza ndani. Mpya ilikuwa kimya. Tulizifungua zote mezani, moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya kwanza baruti haikumwagika hata nilipoligeuza ganda. Niligonga mara mbili, ikatoka imeshikamana, na juu yake kulikuwa na alama ya duara ya kitako cha kichwa.