Antioksidanti ndo nini hasa, na ubongo unaingiaje hapo

Juzi nimekaa kwenye taksi pale paki Kampala nangoja ijae, jamaa akaingiza kichwa dirishani anauza vidonge, eti vina antioksidanti, vinaosha ubongo, mwanafunzi ameze na mzee ameze. Mama wa pembeni akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndo nini?" Nikaanza kumweleza, taksi ikajaa, konda akaanza kelele zake za nauli, sikumaliza. Namalizia hapa.

Chukua odii, ile ya simsim na karanga ya huko Gulu. Ukiisahau wazi muda mrefu inachacha, unaijua kwa harufu tu. Hapo oksijeni imeshambulia mafuta. Sasa mwilini seli zinatumia oksijeni hiyo hiyo kuchoma chakula zipate nguvu, na katika kuchoma zinabaki chembe zilizopungukiwa elektroni moja (elektroni ni kipande kidogo sana chenye chaji ya umeme), ndo wataalam wanaziita radikali huru. Chembe hiyo haitulii, inapora elektroni kwa jirani, jirani naye anapora kwa mwingine, inakuwa fujo ya mfululizo. Antioksidanti ni kemikali inayoweza kutoa elektroni yake halafu yenyewe isigeuke mporaji, fujo inaishia hapo. Haioshi kitu! Simsim yenyewe inazo, ndo maana mafuta yake hayachachi haraka.

Ubongo unatajwa sana kwa sababu ni kama 2% tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu 20% ya oksijeni yote, tena umejaa mafuta, na mengi ni yale laini yanayochacha upesi. Mwili una ulinzi wake wa ndani, ila mimea inaongezea: vitamini C kwenye mapera na machungwa, vitamini E kwenye karanga, beta-karotini, ile rangi ya mimea ambayo mwili unaigeuza vitamini A, kwenye dodo (mchicha) na viazi vitamu vya rangi ya chungwa (Mganda mwenzetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa waliopata tuzo ya chakula ya dunia, World Food Prize, 2016 kwa viazi hivyo, ingawa wao walikuwa wanapigania vitamini A, si ubongo). Ile rangi ya jambula, tunda la mzambarau, inayokuacha ulimi zambarau nayo ni antioksidanti, inaitwa anthosianini. Hata kahawa yetu inazo nyingi.

Sasa huyu wa vidonge. Kwenye bomba la maabara karibu kila tunda linazishinda radikali, lakini tumboni mambo ni mengine, kemikali nyingi za mimea zinaingia kwenye damu kidogo sana, na siku hizi wanasayansi wengi wanaona kazi yake kubwa huenda ni kuzishtua seli ziongeze ulinzi wao zenyewe kuliko kupigana na radikali moja moja. Na kidonge si dodo. Kule Finland waliwapa wavuta sigara beta-karotini ya vidonge, matokeo yalipotoka 1994 saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua. Watu walishtuka.

Chakula chenyewe je? Watafiti wa Chicago mwaka 2015 waliona wazee wanaokula sana mboga za majani, njugu, matunda madogo ya beri na samaki akili zao zinachelewa kuchoka. Sawa, lakini walipofanya jaribio lenyewe la miaka 3, matokeo ya 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na kundi lingine, ambalo nalo lilikuwa limepunguza kula. Kwa hiyo mimi nakati, mboga yetu ya majani, nakula kwa sababu ni tamu, na moyo na mishipa inafaidi, na mishipa ndo inapeleka damu huko juu kichwani, ila sitakudanganya kwamba inazuia usahaulifu.

Kama mzee wako ameanza kupotea njia anayoijua, usikae unamkamulia juisi ukingoja, mpeleke akapimwe presha, sukari na upungufu wa vitamini B12, maana usahaulifu mwingine una sababu inayotibika.