Nyumba, Wachumba na Uchina: Yanayosemwa na Yalivyo

"Mama wakwe wenye tamaa ndio wanaopandisha bei ya nyumba."

Wachina wenyewe hutaniana hivyo: asiye na nyumba hapewi binti. Utani una chembe ya ukweli, ila lawama imemwangukia asiyestahili. Tatizo ni hesabu. Mwaka 2004, kwa kila wasichana 100 waliozaliwa walizaliwa wavulana wapatao 121, na sensa ya 2020 ilikuta wanaume wamewazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Wachumba wakiadimika hivyo, mzazi wa mvulana hasubiri kudaiwa. Anaanza kujibana mtoto angali shule ya msingi.

Wachumi Shang-Jin Wei, Xiaobo Zhang na mwenzao walikadiria kuwa pengo hilo linahusika na asilimia 30 hadi 48 ya ongezeko la bei katika miji mikubwa 35 kati ya 2003 na 2009. Si kidogo, lakini si yote: serikali za mitaa nazo zilikuwa zikiishi kwa kuuza haki za kutumia ardhi, hivyo bei ya juu ilizinufaisha.

Vijijini hata takwimu hazihitajiki. Utakuta ghorofa ya juu ina madirisha mazuri kwa nje, ndani saruji tupu, hakuna kitanda wala taa. Imejengwa ili mshenga aione.

"Kudai nyumba ni mila yao ya kale."

Miaka ya 1970 bwana harusi alitazamiwa kuleta baiskeli, saa ya mkono, cherehani na redio. Mjini, nyumba ilitoka kwa mwajiri. Mgao huo ulifutwa 1998, nyumba ikawa bidhaa, na haikuchukua muda ikaingia kwenye posa.

"Wenye mabinti wanakula kuku kwa mrija."

Bei ikipanda humpandia kila mnunuzi. Muuzaji haulizi una watoto wa kike wangapi.

"Mke akiachika anaondoka na nusu ya nyumba."

Hili ndilo linalowaponza wengi. Agosti 2011 Mahakama ya Juu ya Watu, iliyo ya mwisho nchini, ilieleza kuwa nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo kabla ya ndoa, malipo ya awali yakatolewa na mmoja na hati ikawa kwa jina lake, inaweza kubaki yake. Mwenzake hufidiwa kwa sehemu ya mkopo waliyolipa pamoja. Wake wakakimbilia kuongeza majina yao kwenye hati. Maofisa wa kodi Nanjing wakaona riziki hapo, wakataka kulitoza jina jipya kodi, hadi Wizara ya Fedha ilipoisamehe.