Udhibiti si uainishaji

Nimelisikia tena wiki hii, mtu akiitetea bodi ya filamu ya Kenya kuhusu filamu iitwayo Rafiki: "Rafiki haikudhibitiwa, bodi iliiainisha tu." Hapana. Kuainisha ni kumwambia mtazamaji filamu inamfaa nani: watu wote, au wenye miaka 18 kwenda juu. Kudhibiti ni kumwambia mtengenezaji akate nini, au kumzuia asiionyeshe kabisa. Basi.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Udhibiti limetokana na Kiarabu, dhabt, kushika jambo barabara, nasi tunadhibiti moto, tunadhibiti malaria, ndiyo maana linasikika kama jambo jema. Zanzibar wanalo jingine: sensa. Baraza la huko linalosimamia sanaa na filamu limelibeba katika jina lake, na mtu wa bara akilisoma hudhani ni watu wa kuhesabu kaya. Hajapotea sana. Roma ya kale, tangu mwaka 443 KK, palikuwa na afisa aliyeitwa censor. Alihesabu raia na mali zao, na papo hapo akachunga mienendo yao. Cato, aliyeshika cheo hicho mwaka 184 KK, alimwondoa Manilius kwenye Seneti kwa sababu alimbusu mkewe mchana kweupe, binti yao akiona. Daftari moja, la kuandika majina na la kuyafuta.

Bodi ya Kenya nayo zamani iliitwa ya udhibiti, siku hizi ni ya uainishaji. Sheria inayoifuata, Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, ni ile ile ya miaka ya 1960. Mwongozaji Wanuri Kahiu aliipelekea bodi hiyo Rafiki, filamu yake ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Akatakiwa abadilishe mwisho wake, eti una matumaini kupita kiasi. Akakataa. Aprili 2018 ikafungiwa, wiki chache kabla ya kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Wapo wanaosema ilifungiwa kwa kuwa ni "filamu ya watu wazima", wakimaanisha ya ngono. Siyo. Utu uzima uliingia Septemba mwaka ule, Mahakama Kuu iliporuhusu ionyeshwe kwa siku saba, kwa watu wazima tu waliotaka wenyewe kuiona. Huo sasa ndio uainishaji, na aliyeufanya ni jaji. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukizungumzia siku zile saba, sema iliainishwa. Ukizungumzia Aprili, sema ilidhibitiwa.